Mafunzo ya huduma shufaa kwa watoto na vijana: jibu refu kwa aliyeuliza kama aende

Ndugu yangu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kuandika, kwa sababu niliona ni swali langu mwenyewe la miaka kumi na mmoja iliyopita. Umesema uko mwaka wa nne sasa kama muuguzi wa wodi ya watoto, kwamba msimamizi wako amekupendekeza uende kusomea huduma shufaa kwa watoto na vijana, na kwamba una wasiwasi wa mambo matatu: hujui uchague kozi ya mtandaoni au ile ya darasani yenye mafunzo kwa vitendo, unaogopa kwamba moyo wako hautahimili, na mwenzako kazini amekwambia kuwa kwenda huko ni kwenda kufundishwa kukata tamaa. Nitayajibu yote matatu, ingawa si kwa mpangilio huo, na utanivumilia nikikaa muda mrefu zaidi penye mambo yaliyonipata mwenyewe.

Nianze na la mwenzako, kwa kuwa ndilo linalowazuia wengi. Mimi nami niliamini kwamba huduma shufaa ni chumba cha mwisho cha wodi, mahali anapopelekwa mgonjwa ambaye madaktari wameishiwa la kumfanyia. Siku ya kwanza ya kozi mkufunzi alituandikia ubaoni maelezo yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1998, yanayoieleza huduma hii kuwa ni uangalizi kamili wa mwili, akili na roho ya mtoto pamoja na kuitegemeza familia yake, uangalizi ambao huanza ugonjwa unapotambuliwa na huendelea iwe mtoto anapewa au hapewi tiba inayolenga ugonjwa wenyewe. Kisha akatuuliza ni neno gani lililotushtua. Karibu darasa zima lilitaja neno hilohilo: "huanza". Sote tulikuwa tumezoea kuifikiria kama jambo linalokuja mwishoni, na wengi wetu tulikuwa na wagonjwa wodini ambao wangefaidika nayo miezi au miaka kabla ya siku tuliyowaza kuwaombea huduma hiyo. (Neno lenyewe, shufaa, kwa asili ni kumsemea mtu, kusimama upande wake mbele ya mwenye uwezo. Sijui ni nani aliyelichagua kwa kazi hii, lakini nadhani alichagua vizuri kuliko alivyojua.)

Mwambie pia mwenzako kwamba hospisi (nyumba ya kutolea huduma hii) ya kwanza ya watoto duniani, Helen House, iliyofunguliwa Oxford, Uingereza, mwaka 1982, haikutokana na mtoto aliyekuwa akikata roho. Ilitokana na msichana mdogo aliyeishi na madhara makubwa ya ubongo, ambaye wazazi wake walikuwa wakimhudumia nyumbani usiku na mchana bila mapumziko, na mtawa mmoja rafiki yao akawa anamchukua kwa siku chache ili wazazi wapate kulala. Huduma ilianza kwa usingizi wa mama na baba. Ukilifahamu hilo, utaelewa kwa nini kozi nzuri hutumia saa nyingi kufundisha habari za mtoto aliye hai.

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa na kozi za watu wazima, nami nakushauri usikubali kupelekwa kwenye kozi ya watu wazima ambayo imeongezewa somo moja la watoto siku ya mwisho. Wataalamu wa Uingereza waliyagawa magonjwa ya watoto wanaohitaji huduma hii mwaka 1997 katika makundi manne, na mgawanyo huo ungali ukitumika katika mitaala mingi. La kwanza ni magonjwa ambayo tiba yake ipo lakini inaweza kushindwa, kama saratani. La pili ni yale ambayo kifo cha mapema hakiepukiki lakini tiba humpa mtoto miaka mingi ya maisha mazuri, kama ule ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika kwa misuli unaoitwa Duchenne. La tatu ni yale yanayozidi siku hadi siku na ambayo tangu mwanzo tiba yake ni ya kupunguza makali tu. La nne ni hali zisizozidi zenyewe lakini zisizoponyeka, ambazo humweka mtoto katika hatari ya kufa kwa matatizo mengine, kama mtindio mkali wa ubongo. Angalia sasa orodha ya wagonjwa wa wodi yako. Mimi nilipofanya zoezi hilo, nilikuta kwamba wagonjwa niliokuwa nikiwaita wa shufaa walikuwa wawili, wote wa saratani, ilhali kwa mgawanyo huu walikuwa tisa, na wengi wao walikuwa wa kundi la nne, wale tunaowazoea kwa sababu wanarudi kila mara na homa ya mapafu.

Makadirio ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 97 ya watoto wanaohitaji huduma hii wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Maana yake kwetu ni kwamba wengi wao hawatamwona daktari bingwa wa shufaa hata siku moja. Watakutana na muuguzi wa wodi ya kawaida, yaani wewe.

Sasa nije kwenye maumivu. Kabla ya kozi nilijiona mjuzi wa jambo hili. Tulikuwa na mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo, asiyesema, ambaye kila jioni alipiga kelele kwa saa nzima au zaidi. Kwenye faili lake wauguzi watatu waliotangulia walikuwa wameandika kwamba hiyo ni tabia yake, nami nikaandika vivyo hivyo, tena kwa mwandiko mzuri. Kozi yetu ilikuwa na kazi ya wodini: kila mwanafunzi achague watoto wawili, awapime maumivu kila baada ya saa nne kwa wiki nzima kwa kipimo cha FLACC, kisha alete karatasi darasani. Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1997, na kinaangalia mambo matano, yaani uso, miguu, mijongeo ya mwili, kilio, na jinsi mtoto anavyobembelezeka, kila jambo likipewa alama 0 hadi 2, hivyo jumla ni 10. Upo pia muundo wake uliorekebishwa kwa watoto wenye ulemavu wa ubongo, ambao humtaka mzazi aongeze ishara za mwanawe mwenyewe, kwa sababu mtoto kama huyo anaweza kuumwa huku uso wake umetulia, au akacheka. Nilipomwuliza mama yake ishara hizo, alinitajia nne bila kufikiri, kisha akaniambia kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza. Alama za jioni zilikuwa 8 na 9. Daktari alipomchunguza upya alikuta choo kilichogandamana kwa siku nyingi na nyonga iliyoteguka. Ile tuliyoiita tabia ilikuwa na sababu mbili, na zote mbili zilikuwa na matibabu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha ninachokiona kuwa kipimo halisi cha kozi: je, inakufanyisha kazi huku mtu anayejua zaidi yako akikutazama na kukusahihisha? Mihadhara kuhusu FLACC nilikuwa nimeisikia chuoni. Kilichonibadilisha ni karatasi ya wiki nzima iliyosomwa na mtu aliyeuliza, "Hizi alama za saa mbili usiku ulizifanyia nini?"

Kuhusu dawa, kozi inayostahili jina lake itakufundisha kuhesabu dozi za mofini, dawa ya maumivu makali, kwa uzito wa mtoto mpaka uchoke. Kwa mtoto, nukta ya desimali iliyohamishwa hatua moja ni dozi mara kumi, kwa hiyo mkufunzi wetu alikataa kutia saini daftari la mwanafunzi yeyote mpaka afanye hesabu kumi mfululizo bila kosa. Mimi nilirudishwa mwanzo mara nne, na mara moja nilikuwa nimefika ya tisa. Utafundishwa kwamba maumivu ya kudumu hutibiwa kwa saa maalumu, bila kungoja kilio. Kwamba njia ya mdomo ndiyo ya kwanza inapowezekana. Kwamba dozi hufuata jinsi mtoto huyu mahususi anavyoitikia. Kwamba dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile mofini inapoanza. Na kwamba mtoto mchanga huiondoa mofini mwilini polepole, hivyo hupewa kidogo zaidi na kwa nafasi ndefu zaidi. Hofu ya kwamba mofini "inamaliza" mtoto utaikuta kwa wazazi, kwa wafamasia na, niseme ukweli, kwa baadhi ya madaktari, na haiondoki kwa kuwadharau wanaoihisi. Inaondoka wanapomwona mtoto aliyekuwa amejikunja siku tatu akikaa na kuomba kuchezea kitu.

Tahadhari moja ya kitaaluma kabla sijaondoka hapa. Uliza kozi inatumia miongozo ya mwaka gani. Ngazi tatu za dawa za maumivu, kutoka nyepesi hadi kali, ambazo wengi tulizisoma zilibuniwa kwa ajili ya saratani ya watu wazima, na katika mwongozo wa mwaka 2012 wa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto ngazi ya katikati, ile ya kodini, iliondolewa. Kodini hugeuzwa kuwa mofini ndani ya ini, na watoto hutofautiana mno katika ugeuzaji huo: mmoja hapati nafuu yoyote, mwingine anapata nyingi kupita kiasi na pumzi yake inazimika. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliizuia kwa watoto wa chini ya miaka 12. Baadaye, mwaka 2019, mwongozo ule wa 2012 nao uliondolewa na shirika lenyewe, baada ya kuzuka maswali kuhusu ushawishi wa watengenezaji wa dawa za jamii ya afyuni, ambayo mofini na kodini zimo, na mwaka 2020 ukatolewa mwongozo mpya kuhusu maumivu sugu ya watoto, ambao unaendelea kuitambua mofini kwa mtoto aliye mwisho wa maisha au mwenye ugonjwa unaofupisha maisha. Mkufunzi asiyeweza kukueleza mkondo huo, na bado anachora ngazi tatu zenye kodini ubaoni, anafundisha kwa maandishi ya zamani.

Dalili nyingine nitazipita haraka, kwa kuwa kozi nyingi huzifundisha vya kutosha: kupumua kwa shida, kichefuchefu, degedege, vidonda vya mdomoni, kukosa usingizi, na ile sauti ya makohozi kooni katika saa za mwisho, ambayo huwatesa wanaosikiliza zaidi kuliko mtoto mwenyewe, na ambayo mara nyingi hupungua kwa kumgeuza ubavu tu.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kozi yenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa zamu ya usiku na mvulana wa miaka tisa ambaye saratani yake ya damu ilikuwa imerudi mara ya pili. Wazazi walikuwa wameomba asiambiwe. Usiku mmoja aliniuliza, "Nesi, wale wanaohamishiwa chumba cha kule mwisho, huwa wanarudi?" Nikamfunika vizuri na kumwambia, "Lala, kesho utaamka na nguvu." Akanitazama kidogo, akageukia ukutani. Aliishi siku kumi na mbili zaidi na hakuniuliza tena jambo lolote, hata maji aliyaomba kwa mwenzangu.

Nilikuwa sijamsimulia mtu. Katika juma la pili la kozi tulifanya igizo dhima, kila mmoja alete tukio lililomshinda, nami nikalileta hilo. Mkufunzi, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya chini, alijifanya mtoto, akalala juu ya meza na kuniuliza swali lilelile. Nilipofungua tu kinywa kumtuliza, alikaa na kusema, "Umenijibu swali ambalo sikuuliza. Anza tena." Mara ya pili nilianza kumweleza habari za chumba, nafasi za vitanda, vifaa, akanisimamisha tena. Mara ya tatu alininong'oneza, "Niulize mimi nadhani nini." Nikamwuliza, "Wewe unadhani kule kunatokea nini?" Kisha ilinibidi ninyamaze. Ndugu yangu, nilikuwa na uzoefu wa miaka saba na sikuweza kunyamaza kwa sekunde tano. Darasa zima liliona midomo yangu ikitaka kusema. Tulirudia mpaka nikaweza, na alipojibu, "Nadhani wanakufa, na nadhani mimi ndiye wa zamu," nililia mbele ya watu ishirini, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu asubuhi ile wengine sita walikuwa wamekwisha kulia.

Nilijifunza baadaye kwamba jambo hili limechunguzwa muda mrefu. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner alionyesha mwaka 1978, baada ya kukaa na watoto wa miaka mitatu hadi tisa waliougua saratani ya damu nchini Marekani, kwamba walijua wanakufa hata pale ambapo hakuna mtu mzima aliyewaambia. Walilijua kwa kuhesabu dawa, kwa kuangalia nyuso, na kwa kuona nani amepotea wodini. Waliwaficha wazazi wao ujuzi huo ili kuwahifadhi, kama wazazi walivyokuwa wakiwaficha wao. Na mwaka 2004 watafiti wa Sweden walichapisha majibu ya wazazi 429 waliofiwa na watoto kwa saratani: kati ya 147 waliozungumza na mtoto wao kuhusu kifo, hakuna hata mmoja aliyejuta, ilhali kati ya wale ambao hawakuzungumza, asilimia 27 walijuta. Takwimu hizo sizitumii kumlazimisha mzazi aseme. Nazitumia mzazi anaponiambia, "Hajui, na nataka asijue," ili niweze kumwuliza kwa upole kitu gani kinamfanya aamini kuwa mtoto hajui, na yeye anaogopa litatokea nini akijua. Mara nyingi katika kujibu swali hilo la pili mzazi huanza kusema mambo ambayo hajamwambia mtu.

Pamoja na hayo utafundishwa jinsi uelewa wa kifo unavyokua kwa umri, na hili lina matumizi ya kila siku. Mtoto mdogo kabisa hajui kifo lakini anajua utengano. Wa miaka mitatu hadi mitano hukiona kama usingizi au safari yenye kurudi, na ndiyo sababu ukimwambia kwamba kaka yake "amelala" unaweza kumtia hofu ya kitanda chake mwenyewe. Baadaye kidogo huanza kuelewa kwamba hakirudi nyuma na kwamba hutokea kwa wote, lakini anaweza pia kuamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha ugonjwa kwa wazo baya au kwa utundu, na hatasema mpaka aulizwe. Ndugu wa mgonjwa hubeba imani hiyo zaidi ya wote. Mtoto aliyeugua kwa muda mrefu, kwa upande mwingine, huwatangulia wenzake wa umri wake, kwa hiyo jedwali la umri litumie kama mwanzo wa mazungumzo tu.

Vijana ni habari nyingine kabisa, na hapa kozi nyingi ni dhaifu. Kijana wa miaka kumi na sita anayejua kwamba hatafika thelathini bado anataka kuachwa peke yake chumbani, bado ana rafiki anayempenda, bado anataka kuonekana vizuri. Tulikuwa na mmoja aliyekataa dozi ya usiku, na faili lake likaandikwa kwamba hafuati maelekezo. Nilipokuwa katika mafunzo kwa vitendo, mwelekezi wangu aliomba wazazi watoke nje kidogo, akamwuliza kijana dozi ile inamharibia nini. Ilimtia usingizi saa ambayo marafiki zake wote walikuwa wakizungumza mtandaoni, na hizo ndizo saa pekee alizojiona si mgonjwa. Dozi ilisogezwa mbele, akaanza kuimeza. Uliza kama kozi ina sehemu inayohusu kuhama kutoka huduma za watoto kwenda za watu wazima, maana siku hizi wenye Duchenne, kwa msaada wa dawa na mashine za kupumulia, hufika utu uzima, na kumpokonya kijana timu aliyoijua tangu utotoni bila maandalizi ni msiba ambao tunamwongezea sisi wenyewe.

Sasa swali lako la mtandaoni au darasani. Wataalamu hugawa elimu hii katika ngazi tatu, na chama cha Ulaya cha huduma shufaa kilitoa mwaka 2013 umahiri wa msingi kwa elimu ya upande wa watoto. Ngazi ya kwanza ni ya kila anayefanya kazi na watoto wagonjwa. Ya pili ni ya wanaokutana nao mara kwa mara, kama wewe. Ya tatu ni ya wale ambao hiyo ndiyo itakayokuwa kazi yao ya kudumu, na huwa stashahada au shahada ya uzamili. Kwa ngazi ya kwanza mtandao unatosha. Mtandao wa kimataifa wa huduma shufaa kwa watoto, unaojulikana kwa herufi ICPCN, una masomo mafupi yasiyolipiwa, nami nakushauri uyapitie kabla hujaamua, kwa sababu yatakuonyesha kama jambo hili linakuvuta. Kwa ngazi ya pili usikubali kozi isiyo na igizo dhima, isiyo na mwelekezi wa kukufuata kando ya kitanda, na isiyo na mgonjwa hata mmoja. Waandikie waandaaji barua na uwaulize mambo haya waziwazi: ni saa ngapi za vitendo, nani atanitazama nikizungumza na mzazi, na nani atanipokea kwa simu miezi mitatu baada ya kumaliza. Wakijibu swali la tatu kwa kigugumizi, tafuta kwingine, maana ujuzi huu hupotea mtu akirudi peke yake mahali ambapo hakuna mwingine aliyejifunza.

Angalia pia sheria za mahali unapofanyia kazi zinamruhusu muuguzi afanye nini baada ya kufuzu. Uganda ilibadilisha kanuni zake mwaka 2004 ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya huduma shufaa waweze kuandika mofini wao wenyewe, na cheti hapo kina maana tofauti kabisa na mahali ambapo ni lazima daktari aamshwe usiku kwa kila dozi. Kama kwenu ni hivyo bado, sehemu ya kozi itakayokusaidia zaidi ni ile ya kupanga mapema, yaani kuhakikisha dawa za dharura, dozi zake na njia zake zimeandikwa na kutiwa saini mchana, kabla tatizo halijatokea.

Kuhusu moyo wako kutohimili, sitakudanganya kwamba kozi itakupa ngozi ngumu. Mimi nalia zaidi sasa kuliko zamani. Lakini zamani nilikuwa nikirudi nyumbani na kitu nisichokijua jina, na niliwakwepa wazazi kwenye korido. Uchovu ule ulitokana zaidi na kukwepa kuliko na vifo vyenyewe. Uchunguzi uliofanywa Boston na kuchapishwa mwaka 2000, ambao wazazi 103 waliofiwa na watoto kwa saratani walihojiwa, ulionyesha kwamba kwa maelezo yao asilimia 89 ya watoto hao waliteseka sana kwa angalau dalili moja katika mwezi wa mwisho. Niliposoma hilo nilitambua nilichokuwa nikibeba: nilikuwa nikishuhudia mateso yanayotibika bila kujua la kufanya. Ukijua la kufanya, huzuni inabaki lakini inakuwa huzuni tu. Hakikisha hata hivyo kwamba kuna mtu mmoja utakayekutana naye kila mwezi kuzungumzia wagonjwa waliokugusa, na kama kuna msiba mbichi katika nyumba yako mwaka huu, ahirisha kozi mpaka mwaka ujao bila kuona haya.

Jambo la mwisho ni ombi la kumpelekea msimamizi wako. Omba nafasi mbili, wewe na daktari mmoja wa wodi hiyohiyo, hata ikibidi msubiri awamu inayofuata. Mimi nilirudi peke yangu, na kwa miezi minane nilikuwa nikijaza karatasi za maumivu ambazo hakuna aliyezisoma kwenye mzunguko wa asubuhi. Mambo yalianza kusogea daktari wa pili alipokwenda kozi ileile, akarudi na kuanza kuuliza alama za usiku kabla ya kuuliza joto la mwili. Ukikubaliwa, anza sasa kuandika majina ya watoto unaowafikiria unaposoma hapa, uyahifadhi mahali salama, kwa sababu juma la pili mkufunzi atakuuliza ni nani aliyekushinda.